Chai ya Kupozwa

Baada ya kumzika Prof tulirudi nyumbani kwao Riruta kula. Hema lilikuwa limepigwa pale palipokuwa shamba la mahindi la baba yake, ambapo sasa pamezungukwa na maghorofa ya kupangisha pande tatu, nguo za wapangaji zikining'inia juu yetu tukila pilau. Niliketishwa kwenye meza ya wasomi, na wasomi walikuwa wakisema yale ambayo wasomi husema mwenzao akifa: kwamba alikuwa na kichwa, kwamba hakupenda kujitangaza, kwamba kazi yake haijamalizika. Hakuna aliyesema kwamba aliimba alto, au kwamba mchana alikula viazi vitamu vilivyopoa, vimefungwa kwenye gazeti, au kwamba aliweza kukaa na mtu chumba kimoja tangu asubuhi bila kumwambia neno, na jioni akamwambia "asante kwa leo" kana kwamba mlishinda mkipiga gumzo. Mimi niliyajua hayo kwa sababu mwaka mmoja wa ujana wangu niliumaliza karibu wote ndani ya ukimya wa mama huyo. Nilikuwa nikifikiria kuondoka mapema, kama ilivyo kawaida yangu kwenye shughuli za watu, nilipomwona mwanamume amesimama karibu na sufuria za chai. Mvi zilikuwa zimeanza, koti limembana mabegani, na mkono mmoja ulikuwa shingoni kama mtu anayerekebisha tai. Hakuwa amevaa tai. Nilimtambua kwa mkono huo kabla sijamtambua kwa uso.

Mwaka ule ninaousema nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya biolojia ambayo hakuna aliyeihitaji isipokuwa Prof. Jina lake lilikuwa Gathoni, ingawa sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo hadi padri alipolitaja kaburini. Aliniajiri niwe msaidizi wake wa kuzunguka mitaani, nami nikapanga chumba mtaa wa Ayany, kando ya Kibera, uani kwa familia moja ya watu wa kanisa, chumba ambacho zamani kilikuwa cha mfanyakazi wao. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo walikuwa na meza yao ya kulia, na kwa hiyo nilijua mambo yote ya nyumba ile: nani amefeli hesabu, nani hataki sukuma wiki, nani anaombewa apate kazi. Walipoomba kabla ya kula nami nilifumba macho, sahani yangu ikiwa mapajani, na waliposema amina niliisema pia, kwa sauti ya chini wasije wakadhani nina wazimu. Jumapili walipika chapati. Harufu ilipita chini ya mlango wangu bila hodi, nami nililala kitandani nikitazama dari, nikijiambia kwamba msichana msomi hana haja ya kulilia chapati za watu. Nilikuwa na haja nazo sana. Sikuwa na rafiki Nairobi, wala sikuwa na kipaji cha kutafuta marafiki; mpaka leo sina. Nilikuwa nimezungukwa na sauti za watu kila upande, na bado nilikuwa mpweke hadi nikawa nanunua vitu dukani kimoja kimoja, mkate kwanza, kisha nirudi kwa chumvi, ili nipate kusalimiwa mara mbili.

Kazi ya Prof ilikuwa hivi. Kuna nyumba ambazo saratani ya koo huingia na haitoki. Humchukua babu, humchukua mwana, hungoja kidogo, humchukua na mwana wa pili. Prof alitaka kujua kama inapita kwenye jeni, yaani ule urithi ulioandikwa mwilini kutoka kwa baba na mama, au inapita kwenye maisha yenyewe: moshi wa jikoni, chai ya moto kupita kiasi, njaa ya utotoni. Au vyote pamoja, na hapo ndipo macho yake yalipochangamka. Siku yangu ya kwanza alitoa mkobani kitabu cha nyimbo cha kwaya yao, kimechakaa na kujaa alama za penseli. "Wimbo ni ule ule katika kila kitabu," alisema. "Hiyo ndiyo jeni. Sasa angalia hapa. Mwalimu wa kwaya ametuambia ubeti huu turuke, hapa tupunguze sauti, hapa turudie. Hakuna neno hata moja lililobadilika, lakini ukitusikia Jumapili utadhani ni wimbo mwingine. Mimi natafuta hizi penseli." Nikamwuliza ni nani anayeandika kwa penseli ndani ya mwili wa mtu. "Moshi. Njaa. Woga pia, pengine. Sijui bado, ndiyo maana nakutuma uende." Kisha hakusema kitu kingine hadi jioni.

Basi nikawa naenda. Nilizunguka Kibera na Kawangware na begi la vichupa, nikitafuta familia ambazo ugonjwa huo ulikuwa umezipitia zaidi ya mara moja. Nilichora mti wa ukoo wao, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, msalaba juu ya aliyekufa, kisha nikawaomba wateme mate kwenye kichupa na muuguzi tuliyefuatana naye akawatoa damu kidogo. Damu haikuwasumbua. Mate ndiyo yaliyoleta maneno. "Kwani mate yangu inaenda wapi?" mama mmoja wa Gatina, huko Kawangware, aliniuliza, akikishika kichupa mbali na mwili wake. Nikamwambia yanaenda maabara. "Na ikifika huko? Juu mimi sitaki kuskia ati iko kwa mganga." Baada ya muda nilijulikana mitaa yote miwili kama msichana wa mate. Sikuchukia. Lilikuwa jina, na mtu mwenye jina huitwa.

Ghorofa alilokaa Susu Ndinda lilikuwa Gatina, nyuma ya kanisa lenye spika kubwa. Susu ni bibi kwetu Ukambani, na kwa kuwa mimi pia ni Mkamba wa Machakos, nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza naye akaniita mwanangu, bila mkutano wala kamati. Alikuwa amekuja kutoka Kitui kukaa na mwanawe Musyoka. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimefichwa kwa pazia, na viti vilikuwa vya mbao, vizito hata huwezi kukivuta kimoja kwa mkono mmoja, kwa sababu Musyoka alikuwa fundi seremala na hakuamini kiti chepesi. Susu alisuka kiondo huku akinihesabia wafu wake. "Mzee wa hii boma alikufa na koo. Mutua, baba ya huyu Musyoka, akakufa na koo. Kimeu, ndugu ya Mutua, huyo naye akakufa hivyo hivyo, Musyoka akiwa mtoto, akimwona." Nikachora miraba mitatu na misalaba mitatu. Chini ya Mutua nikachora mraba wa Musyoka, nikamwuliza yeye mwenyewe Susu aliingiaje katika nyumba ile. "Ni Syombua alinileta, mama ya Mutua. Alitoa mbuzi na mkono yake." Nikaandika kwamba Ndinda ni mke wa Mutua na Syombua ni mama mkwe wake, nikashukuru, nikageuza ukurasa.

Kisha chai ikaja, na hapo ndipo nilipokiona kitu ambacho nimekikumbuka kuliko maabara zote nilizofanyia kazi. Susu alikuwa na vikombe viwili vya bati. Musyoka alipoingia kutoka kazini, vumbi la mbao limemganda nyusini, Susu aliinua kikombe kimoja hadi usawa wa uso na kumimina chai kwenye kile cha chini, uzi mrefu mwembamba, bila kumwaga tone, kisha akarudisha, kisha tena, hadi mvuke ukakoma. Ndipo akampa. Yangu alikuwa ameniletea ikitokota. Nilipomtazama akasema, "Wewe yako ni ya moto, mwanangu, wewe ni mgeni. Hii ya kupozwa ni ya watu wa Mutua. Koo yao haitaki moto." Alikuwa amempozea tangu alipoachishwa ziwa. Musyoka alikunywa polepole, mkono mmoja shingoni, akisikiliza kila funda likishuka.

Karakana yake ilikuwa Kibera, chini kidogo ya Ayany, kwa hiyo njia yangu ya kurudi nyumbani ilipita mlangoni pake. Ningeweza kupita kwingine, na kwingine kulikuwa karibu zaidi. "Niaje, daktari wa mate," angesema bila kuinua kichwa kutoka kwenye randa. "Leo umetemewa na wangapi?" Ningemwambia ni wachache, na kwamba mmoja alinitemea mguu. Angecheka, angenisukumia kigoda, na kabla ya giza tungekula chapati na maharagwe kwenye kibanda cha jirani. Alitafuna sana, kama mzee. Siku moja alinieleza sababu. "Kila nikimeza huwa naskia kama baba anapita hapa," alisema, akigusa koo. "Sikuwahi mwona. Nilizaliwa ashaenda. Lakini hapa huwa tunakutana." Siku nyingine nilimwuliza, nikijifanya ni mzaha, kwa nini fundi mwenye vitanda vingi hivyo hana mke. Akaacha kazi. "Mimi siwezi oa, Mwikali. Nichukue mtoto wa watu, nimwachie nini? Ugonjwa na watoto wa kuugua? Nilimwona Kimeu. Uji ilikuwa inaingia na inarudi." Akanitazama. "Wewe ndio unajua mambo ya damu. Niambie kama nadanganya." Nilimwambia maneno ya Prof, kwamba jeni si hukumu, kwamba wengi hurithi na hawaugui. Alitikisa kichwa kwa adabu. Nilikuwa nampenda, na yeye alijua, na ni wazi hakunichukia. Ila alikuwa amejichumbia kifo chake mapema na hakuona pengo la mtu mwingine.

Ndipo sampuli yake ikakataa. Prof alikuwa ameilinganisha damu ya Musyoka na ya watoto wa Kimeu, ambao nao tulikuwa tumewatoa damu na kwa mti niliouchora walikuwa binamu zake, nao hawakuwa na uhusiano wowote zaidi ya ule wa watu wawili waliopishana njiani. Prof aliniita, akazungusha kiti chake. "Umechanganya vichupa," alisema. Hakuinua sauti. Nilirudi Gatina, nikachukua damu upya, nikabandika kila kichupa jina mbele ya macho yangu na ya muuguzi, na jibu likaja lile lile. Wiki hiyo Prof hakusema hata asante ya jioni. Nilikuwa nasuuza vyombo kwenye sinki la maabara, nimenuna, nikilikumbuka jina langu zuri linavyopotea bure, ndipo sentensi ya Susu iliponijia tena: ni Syombua alinileta, alitoa mbuzi kwa mkono wake. Si Mutua. Nilifunga mfereji, nikasimama pale mikono ikitona maji.

Ukambani, mwanamke ambaye mwanawe amekufa bila mtoto anaweza kumwolea mke mwana huyo aliyekufa. Hutoa mahari yeye mwenyewe, mke huyo huitwa iweto, na watoto atakaowazaa, kwa mwanamume yeyote, ni wa marehemu. Ni watoto wake kwa jina, kwa shamba, kwa kila kitu, na nyumba yake haifungwi. Hakuna aibu ndani yake, ila mjini, kwenye makanisa ya spika kubwa, watu wamejifunza kutoitaja. Mutua alikuwa amekufa kabla Ndinda hajafika boma lile. Nami, Mkamba mzima, nilikuwa nimechora nyumba nikidhani nachora damu. Nilipomweleza Prof alivua miwani. "Hata kwetu Wakikuyu ilikuwepo," alisema. "Nyanyangu alikuwa na rafiki aliyeitwa mke wa mama fulani. Na bado sikufikiria kukwambia uulize." Furaha ilinipanda, sitaficha. Musyoka hakuwa na damu ile. Alikuwa akimwogopa kila siku mgeni asiye wake. Nikasema nitamwambia leo leo. Prof akarudisha miwani. "Hutamwambia. Alitupa damu tutafute ugonjwa. Tulichokikuta njiani bila kukitafuta ni cha mama yake, si chetu."

Kwa hiyo nikaenda kwa mama yake. Nilingoja tubaki wawili, nikamwambia kwa Kikamba, kwa heshima yote niliyofundishwa, kwamba damu imeniambia habari za Syombua. Susu hakushtuka. Aliendelea kusuka. Nikamsihi amwambie Musyoka, kwa sababu anakufa kwa hofu isiyo yake. "Nilimwahidi Syombua," alisema. "Alikuwa amezika mume, akazika kijana. Aliniambia, nizalie Mutua mtoto. Nikamzalia Mutua. Sasa wewe unataka nimwambie Mutua hana mtoto?" Nikamwuliza swali lililokuwa likinichoma tangu sinki la maabara: kama alijua siku zote kwamba Musyoka hana koo la watu wale, kwa nini alimpozea chai miaka yote. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anamvalisha mtoto nguo. "Angekuwa wa Mutua, si angepozewa?" akasema. "Basi ni wa Mutua." Akaniletea chai yangu, ya moto.

Sijui ningevumilia hadi lini, lakini mwili wa Musyoka haukungoja. Miezi ya baridi alianza kusema kuna kitu kimekwama kooni. Aliacha nyama, akaacha chapati, akabaki na uji, kisha uji nao akawa anausukuma. Mashavu yaliingia ndani. Karakana ikawa wazi lakini kimya. Prof mwenyewe alimpeleka hospitali kwa gari lake, wakamwingiza mpira wenye taa hadi tumboni, wakakuta koo safi. "Ata baba walimwambia ni homa tu," Musyoka alinijibu nilipomletea habari hiyo njema. Prof, kwenye gari, akiwa ameshika usukani bila kuwasha, aliniambia kwamba woga nao hula mtu, na kwamba hakuna kipimo alichokuwa nacho cha kuupima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hajui afanye nini na mikono yake.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa chumbani kwa Susu, yeye, Musyoka na mimi. Alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, yamelainika. Musyoka alichukua kijiko kimoja, akakishikilia mdomoni, akakirudisha kwenye sahani na kuisukuma mbali. Susu aliitazama ile sahani. Nilimwona akiitazama, na nikajua kabla hajafungua kinywa. "Musyoka," alisema, "Mutua hakunijua mimi. Alikufa kabla sijafika kwao. Mimi niliolewa na Syombua kwa jina ya Mutua. Huyo alikuzaa, sitasema jina, lakini kwao hakuna mtu amewahi kufa na koo. Wote wanakula. Sasa kula." Spika ya kanisa la jirani ilikuwa ikipima sauti, moja mbili, moja mbili. Musyoka aliivuta sahani, akala. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, na chakula kilishuka bila kukwama popote, sote watatu tukikisikiliza.

Kisha akanigeukia mimi. "Ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua. "Tangu lini?" Tangu damu yako ya pili, nikasema. Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ulijua mi ni nani kabla yangu. Ukawa unakuja kukaa kwa kigoda yangu." Nilimweleza habari ya ahadi, ya Prof, ya kwamba siri haikuwa yangu kuitoa. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa adabu. "Ni sawa," alisema. "Ugonjwa mmetoa. Asanteni. Lakini mzee pia mmeenda na yeye. Nilikuwa nimekaa na yeye hapa." Mkono ukapanda shingoni, ukakaa hapo, ukashuka. "Sasa nikimeza ni kumeza tu." Susu, kwa mazoea, kwa kuwa hakujua la kufanya, alikuwa amekwisha kumimina chai na kuinua kikombe cha juu. "Acha, mwaitu," Musyoka akamwambia mama yake, kwa upole kabisa. "Hiyo ni ya watu wa Mutua." Akaichukua ikiwa inatokota, akainywa vile vile, machozi yakimtoka, sijui ni ya moto au ya kilio. Susu alibaki ameshika kikombe kimoja kitupu.

Ndani ya mwezi karakana ilikuwa na kufuli. Jirani wa kibanda cha chapati alisema fundi amemrudisha mama yake Kitui na hakusema atarudi lini. Niliendelea kupita njia ile ndefu kwa muda, nikiitazama kufuli, kama mtu anayetarajia kufuli iseme niaje. Nilikuwa nimeamini, kwa ujinga wa msichana aliyesoma vizuri, kwamba nikimwondolea mtu kifo chake atakuwa na nafasi ya kuniweka mimi. Nyumbani Ayany waliendelea kuomba nyuma ya ukuta. Niliacha kusema amina nao, kisha baada ya wiki chache nikarudia, kwa sababu chakula bila amina kilikuwa kimya zaidi.

Kabla mwaka haujaisha Prof aliniita kwenye meza yake. Alikuwa amemaliza kusoma alama, zile penseli zake, kwa familia zote tulizozikusanya. Alifungua karatasi mbili, moja ya Musyoka na moja ya watoto wa Kimeu. "Jeni zao ni wageni kabisa," alisema. "Lakini tazama alama. Hapa, na hapa, na hapa. Wamewekewa penseli na mkono mmoja." Walikuwa wamelelewa katika jiko moja la Syombua, wakivuta moshi ule ule, wakilala njaa msimu ule ule mvua ilipokosa. Nikamwuliza kama ataandika. Akakataa. Watu wachache mno, alisema, inaweza kuwa bahati tu, na mwanasayansi anayeandika anachotamani ni mwongo mwenye elimu. "Lakini ukimwona yule kijana," akasema, akikunja karatasi, "unaweza kumwambia kwamba mimi nimeona." Ilikuwa sentensi ndefu zaidi ya fadhili niliyowahi kumsikia akiitoa. Sikumwona yule kijana. Nilipata nafasi ya kusoma zaidi mbali na Nairobi, nikarudi, nikawa mwalimu wa jeni kwa watoto wa watu, nikazeeka taratibu katika nyumba yenye kikombe kimoja mezani. Ujumbe wa Prof nilikaa nao. Nyakati nyingine nilimtafuta wa kumpa, kwa moyo mdogo, nikifurahi kutompata.

Sasa alikuwa hapa Riruta, karibu na sufuria za chai. "Daktari wa mate," alisema, kabla sijachagua neno. Sauti ilikuwa nzito zaidi. Aliniambia kwamba Susu alikuwa ameaga dunia miaka kadhaa iliyopita na kwamba Prof alikuja Kitui kwa mazishi, akakaa kimya siku nzima chini ya hema lao, na akaondoka akisema asante kwa leo. "Kwa hivyo leo ilikuwa zamu yangu." Nikamwuliza alikuwa amekwenda kufanya nini Kitui mwaka ule. "Kumuaga Mutua," alisema. "Nilifika kwa kaburi nikakosa maneno. Magugu ilikuwa imejaa, nikaanza kung'oa. Mzee mmoja jirani akanipata hapo, akauliza, wewe ndio kijana wa Mutua? Nikasema ndio. Ilitoka tu." Alikuwa ameoa. Mke wake alibaki na duka la samani, na kijana wao mkubwa, Mutua, alibaki naye kusaidia. Akanielekeza kwa msichana aliyekuja na trei. "Huyu ni Ndinda." Nilimtazama yule msichana akiweka trei mezani, akachukua vikombe viwili vya plastiki vya matanga, akainua kimoja hadi usawa wa uso na kummiminia baba yake chai, uzi mrefu mwembamba, juu chini, juu chini, bila kumwaga tone. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ilikuwa wazi ni hivyo ndivyo chai ya baba hunywewa.

Nikampa hapo hapo ujumbe ambao Prof, hata kule Kitui, aliniachia mimi, nisije nikakosa nguvu. Nilimwambia habari ya karatasi mbili, ya jeni zilizokuwa wageni na alama zilizowekwa na mkono mmoja, na kwamba Prof hakuandika kwa kuwa watu walikuwa wachache, lakini alisema aambiwe kwamba yeye ameona. Musyoka alishika kikombe chake kilichopozwa na kukitazama. Watu walikuwa wakikunja viti nyuma yetu. "Jiko ya Susu Syombua ilikuwa na moshi mingi kweli," alisema mwishowe. "Tulikuwa tunalia sote, mimi na wale wa Kimeu." Akanywa. "Mbona hukuniambia?" Ulikuwa umeenda, nikasema. Akakubali kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli, na hatukuwa na umri wa kuigombania.

Msichana alikuwa amenyoosha mkono kwangu. "Aunty, nikupozee na yako?" Nilikuwa na jibu tayari, nililo nalo tangu Gatina, kwamba mimi hunywa ya moto, mimi ni mgeni. Nikamtazama baba yake. Mkono ulikuwa umetoka shingoni.

"Mpozee," alimwambia binti yake. "Huyu ilibaki kidogo awe wa nyumba yetu."

Ndinda akachukua kikombe changu, akakiinua. Nilikuwa nimekwisha kushika mkoba niondoke mapema, nikauweka chini. Aliponirudishia, nilikishika kwa mikono miwili. Chai ilikuwa vuguvugu, ya kunyweka, na sikuharakisha kuimaliza.